Zimwi Lisiamke Kabla ya Kengele

Akoth, binti anayesimamia maktaba hii ya Thika, alinipa fomu nijaze kabla ya kuja kuzungumza nanyi. Fomu ilitaka kujua nilianza kazi mwaka gani, nimepandishwa cheo mara ngapi na vyeti vyangu viko wapi. Nilikaa nayo siku mbili. Mwishowe nikaandika kwamba nilianzia kwenye benchi na nimemalizia kwenye kiti chenye mto, na kama huko si kupanda cheo basi sijui ni nini. Akoth alisoma, akacheka, akaniambia, "Shosho, andika tu vile mambo ilikuwa, halafu utusomee." Ndiyo haya. Nimeyaandika kwa ajili yenu mnaosimulia hadithi mashuleni na hapa maktabani, mnaofanya mchana kweupe kazi ambayo sisi tulilazimika kuifanyia ujanja.

Mimi ni Wairimu. Nimesimulia hadithi tangu miaka ya hamsini mpaka Pasaka iliyopita. Niliacha kwa sababu meno yangu mawili ya mbele yalistaafu kabla yangu, na msimulizi asiye na meno hamwogopeshi mtoto kwa zimwi.

Kazi hii niliipata kwa kufukuzwa nyingine. Nilikuwa msichana nikichuma kahawa kwenye shamba moja la Ruiru. Mikono yangu haikuwa na kasoro, ila mdomo wangu ulisimamisha mikono ya wengine. Nikianza kisa, wachumaji wa safu nzima wanasogea karibu na mti wangu, na miti mingine inabaki na matunda yake mekundu. Nyapara alivumilia msimu mmoja. Msimu wa pili akaniambia, "Wewe peleka hiyo mdomo Thika. Huko kuna mashine, haisikizi maneno." Nikafunga kitambaa changu, nikaenda kwa tata yangu, dada ya baba, aliyekuwa akiishi upande huu ambao leo mnauita Kamenu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha kahawa, na wiki hiyo hiyo akaniingiza.

Mashine zilikuwepo kweli, lakini hazikumaliza kazi. Kahawa ikishakobolewa bado ina punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na ile moja mbaya kuliko zote, inayonuka ikipasuka na kuharibu gunia zima. Hizo zilitolewa kwa macho na vidole vya wanawake. Tulikaa kwenye mabenchi pande mbili za meza ndefu. Kahawa ilishuka kwenye mfereji wa bati, tukaitandaza, nzuri tukaisukuma mbele, mbaya tukaiangusha kwenye debe lililokuwa katikati ya magoti. Siku ya kwanza nilidhani ni kazi rahisi. Siku ya tatu nikamjua adui wake, naye ni usingizi. Saa nne asubuhi, jua likishapasha mabati, punje zote zinafanana na macho yanafumba yenyewe. Nyapara wetu, Mutiso, Mkamba kutoka ng'ambo ya Gatuanyaga, alikuwa na kijiti cha kugonga meza ili tuamke. Siku nyingine alikigonga ili aamke yeye.

Upande wangu wa kulia alikaa Cucu Gathoni, mkongwe kuliko wote pale mezani. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, lakini hata Mutiso alimwita hivyo. Cucu alikuwa na kipaji cha kulala huku vidole vikifanya kazi. Aliinama juu ya meza, mgongo wake mpana ukipanda na kushuka, na mimi katika kupigana na usingizi wangu nikautazama mgongo ule mpaka ukawa kilima. Nikamnong'onezea tata, aliyekuwa kushoto kwangu.

Nilimwambia kulikuwa na mjane aliyekosa shamba. Akapata kilima kizuri kisicho na mwenyewe, akapanda maharagwe, yakastawi. Siku ya kuchuma akaweka kikapu chini, akaona kikapu kinapanda na kushuka. Kilima kilikuwa kinapumua. Mjane alikuwa amelima mgongo wa zimwi lililolala.

Tata aliuma mdomo asicheke. Wanawake wa ng'ambo ya meza wakataka kujua kuna nini, nami nikarudia kwa sauti. Hapo Cucu Gathoni akasema, bila kuinua kichwa, "Nani anasimulia hadithi na jua iko juu ya kichwa?"

Akasukuma fungu la punje mbele, kichwa bado chini.

"Wewe mtoto wa Ruiru. Kwenu ng'ombe inafungwa saa nne ya asubuhi?"

Nyinyi vijana labda hamkulelewa hivyo, lakini kwetu hadithi ilikuwa ya jioni, mifugo ikishafungwa na chungu kikiwa motoni. Anayesimulia mchana anaita njaa, tuliambiwa, kwa sababu watu watakaa kumsikiliza na hakuna atakayelima. Nikarudi kwenye punje zangu. Mdomo nilikuwa nao, lakini adabu pia nilifundishwa.

Jambo ambalo Cucu hakulisema, na kila mtu pale mezani alilijua, ni kwamba jioni zenyewe hatukuwa nazo tena. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Jua likizama ni kafyu, marufuku kutoka nje. Vijijini watu walisongamana ndani, moto ukazimwa mapema, na hakuna aliyethubutu kwenda kuketi kwa jirani. Cucu alikuwa na mjukuu wa miaka mitano, Wanjiku. Siku ile aliporudi nyumbani, kama alivyonieleza baadaye, alimuuliza mtoto kama anajua hadithi yoyote ya zimwi. Wanjiku akauliza zimwi ni askari wa wapi.

Kesho yake Cucu Gathoni alikuja na kiondo kizito. Saa nne, macho yalipoanza kufumba, akatoa taa ya chemni, akaipangusa kioo kwa pindo la leso, akaiwasha na kuiweka katikati ya meza. Jua lilikuwa kali hata mwali wenyewe hatukuuona. Tulijua inawaka kwa harufu ya mafuta.

"Sasa ni jioni," akasema. "Ng'ombe imefungwa. Huyo mjane alifanya nini?"

Meza nzima iliitazama ile taa na hakuna aliyecheka. Nilifurahi mpaka nikasahau kuanza, ikabidi tata anipige kisukusuku.

Mutiso alikuja mbio. "Hii taa ni ya nini mchana?"

"Ni ya macho yangu, mwanangu," akasema Cucu. "Nimezeeka."

Mutiso aliitazama taa, akamtazama Cucu, akasikia mjane yuko wapi. Akaketi juu ya gunia. "Kama ni ya macho ni sawa," akasema, na hakuondoka hapo mpaka saa sita.

Siku tatu zilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa kijana na nilipenda kusifiwa. Siku ya nne, katikati ya asubuhi, nikaamua kuwaonyesha mimi ni nani. Nikamfanya mjane apige chafya. Kilima kikatulia. Kilima kikaacha kupumua. Nikashusha sauti, nikasema upande wa chini wa kilima, mahali ambapo mjane alidhani ni jiwe, pakaanza kufunguka kama jicho.

Mikono yote ikasimama. Mfereji haukusimama. Kahawa iliendelea kushuka, ikajaa meza, ikamwagika miguuni, na wenzangu waliposhtuka, kwa hofu ya Mutiso, wakasukuma yote mbele, nzuri na mbaya pamoja. Gunia lile lilipofika kwa waonjaji, walikuta ndani yake punje inayonuka. Si moja.

Meneja wa kinu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu hakusema neno bila kutazama saa yake ya mfukoni. Alimwambia Mutiso amtoe huyo mwenye maneno. Mutiso angeweza kunionyesha mlango, ingekuwa imekwisha. Badala yake akaomba mpaka Jumamosi. Bwana Saa akakubali kwa sharti moja: Jumamosi atakuja mwenyewe, achote kahawa ya meza yetu na ya meza ya jirani isiyo na hadithi, azilinganishe. Ya kwetu ikiwa chafu kuliko ya jirani, mimi naondoka na taa inaondoka.

Pasi yangu ya kukaa Thika ilitokana na kazi ile, kwa hiyo kuondoka kinuni kulikuwa kuondoka mjini. Lakini nitasema ukweli, si pasi iliyonikosesha usingizi. Niliipenda meza ile kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Wanawake waliokuwa wakiingia asubuhi bila kusalimiana sasa walinisubiri langoni kuniuliza mjane ameamkaje.

Adhuhuri hiyo Cucu Gathoni alinivuta pembeni na kopo lake la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nilidhani atasema alinionya.

"Hadithi haina makosa," akasema. "Makosa ni yako. Unaamsha zimwi watu wakiwa na kahawa kwa mkono? Hiyo zimwi isiamke kabla ya kengele."

"Na wakichoka kungoja, Cucu?"

"Wape kazi. Mtu akiwa na kitu ya kujibu, mkono haisimami."

Masomo yote niliyopata katika kazi hii ni hayo, na niliyapata nikitafuna githeri ya mtu mwingine. Yale yaliyofuata niliyatoa humo humo. Niligundua kwamba hofu husimamisha vidole, hasira huviharakisha mpaka vinaacha uchafu, kicheko kikubwa humwaga debe, lakini kicheko kidogo na kiitikio huvifanya viende sawasawa. Nikatunga kiitikio. Mimi nasema, "Chuma taratibu," nao wanajibu, "Kilima kinapumua," na kwa kila jibu kila mmoja anasukuma fungu lake. Tena nikaacha kutazama nyuso. Nyinyi mmefundishwa kuwatazama wasikilizaji machoni, na ni vizuri, lakini mimi nilijifunza kutazama vidole. Uso unaweza kukudanganya kwa heshima. Kidole kikichoka na hadithi yako kinaanza kuchezea punje moja.

Kuanzia siku hiyo mjane alichuma maharagwe taratibu kiasi kwamba hajawahi kutokea mkulima mwangalifu kama yeye. Alichuma mstari kwa mstari, akasuka kikapu kipya, akagombana na njiwa kwa kunong'ona. Zimwi likakoroma, likajigeuza kidogo, likalala tena. Saa nzima ya asubuhi ilienda kwa njiwa peke yake.

Jumamosi Bwana Saa alikuja saa sita kasoro, saa yake mkononi. Alikuta taa inawaka kwenye jua na wanawake wote wa meza wakimjibu msichana mmoja kwa sauti moja. Siku zile, Wazungu wakihofia viapo vya siri, hilo halikuwa jambo la mzaha. Uso wake ulibadilika. Akasema kitu na Mutiso, na Mutiso akatugeukia, sauti yake si ya kawaida.

"Bwana anauliza, hii zimwi ni nani?"

Watu wengine wangekuwa na jibu la kuficha, mimi nilikuwa na la kweli, nalo lilikuwa limeketi kulia kwangu likichambua kahawa. Ningesemaje mbele ya meza nzima kwamba zimwi ni mgongo wa Cucu?

Cucu Gathoni ndiye aliyejibu, vidole vyake vikiendelea. "Mwambie ni mzee wangu, marehemu. Alilala siku ya arusi, akaamka siku ya kufa."

Meza ilicheka, kicheko kidogo, kile cha kufaa. Mutiso alitafsiri kwa maneno mengi kuliko yale yaliyosemwa. Nadhani alimwongezea marehemu makosa mengine. Bwana Saa akatoa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Alikuwa anacheka.

Kisha akachota karai la meza ya jirani, akalimwaga juu ya kitambaa cheupe. Akaokota punje mbaya moja, mbili, tano, akaacha kuokota. Akachota la kwetu. Nilikuwa nikisema, "Chuma taratibu," na sauti yangu ilitetemeka kiasi kwamba wenzangu waliitikia kwa nguvu ili kunifunika. Bwana Saa alitandaza kahawa yetu kwa kiganja, akaipindua, akainama mpaka kofia ikaanguka. Alipata punje moja iliyovunjika. Akaitafutia mwenzake na hakumwona.

Akatazama saa, akasema na Mutiso.

"Anasema endelea," Mutiso akaniambia. Kisha akakuna shingo. "Anauliza tena, zimwi itaamka saa ngapi."

"Mwambie saa saba. Kengele ikilia."

Bwana Saa alisimama pale, kofia chini ya kwapa, macho mara kwangu, mara kwenye saa. Jumamosi kengele ya saa saba ilikuwa ikikimbiza watu langoni hata kabla haijamaliza kulia. Siku ile ililia yote, mfereji ukafungwa, mikono ikawa huru, na hakuna aliyeinuka kwenye benchi. Zimwi likaamka, likasema neno lake. Mutiso alicheka akiegemea magunia. Tata alijifunika uso kwa leso. Cucu Gathoni alicheka mpaka machozi, akanifinya paja, na alama ile niliionyesha nyumbani kwa fahari wiki nzima. Zimwi lilisema nini, sitawaambia sasa. Kengele haijalia.

Jumatatu Mutiso aliniandika upya kwenye orodha ya wafanyakazi. Hakukuwa na jina la kazi yangu, kwa hiyo akaandika "mtu wa taa." Akoth, kama bado unayo ile fomu, hicho ndicho cheo.

Kabla miaka ya hamsini haijaisha, lile shamba la Ruiru liliniita nikasimulie msimu wa kuchuma. Nyapara yule yule alinipokea. "Kumbe umerudi na hiyo mdomo," akasema. Nikamwambia nimerudi nao, na taa ya kuazima. Lakini shambani hakuna meza. Watu wametawanyika katikati ya mikahawa, na vidole sivioni. Tukaamua nisimame safu ya juu nisimulie, safu hiyo ipeleke kwa inayofuata, mpaka chini mtoni. Siku ya kwanza, baada ya kumaliza, niliteremka kusikiliza imefikaje. Safu ya mwisho mjane alikuwa amekuwa mchungaji wa kanisa, na maharagwe yamekuwa mbuzi waliokuwa wakila nyasi kwenye sikio la zimwi. Nilisimama nyuma ya mti nikishika kichwa. Kisha nikakiri kwamba mbuzi ni wazuri kuliko maharagwe. Tangu siku hiyo hadithi ina mbuzi, na sijamwambia mtu niliwaiba wapi.

Kafyu ilipoondolewa jioni zikaturudia. Cucu Gathoni aliniambia, "Sasa unaweza zima taa." Nikamwambia nimeshaizoea. Alitikisa kichwa, lakini aliona raha, niliijua raha yake kwa mabega. Sikumwambia kamwe kwamba zimwi lilikuwa yeye. Alipofariki, Wanjiku aliniletea taa ikiwa ndani ya kiondo kile kile, nami nimeibeba mashuleni, hospitalini, kanisani, kila mahali palipokuwa na jua na watu wanaotaka kusikiliza. Wanjiku ameketi hapo mstari wa mbele na mjukuu wake mwenyewe. Mtoto huyo namfahamu. Ukimuuliza zimwi ni nani, atakueleza mpaka ukome.

Leo nimekuja nayo. Akoth ameniambia moto hauruhusiwi karibu na vitabu, na ana haki. Bwana Saa angempenda. Kwa hiyo taa iko hapa mezani haijawashwa, na Akoth amevuta mapazia. Ng'ombe imefungwa. Saa kumi na moja maktaba inafungwa, na nimeyapima maneno haya nyumbani yafike hapo. Namwona ameshasogea kwenye kengele yake.

Basi mjane yuko mgongoni, kikapu kimejaa, mbuzi wameshiba. Miaka yote hii amechuma taratibu. Piga, Akoth.

Kilima kikafungua jicho. Mjane akaweka kikapu chini, akafumba macho, akingoja kuliwa. Zimwi likapiga mwayo, likasema:

"Nani alikuwa akinikuna mgongo vizuri hivi? Mwambieni asiache."